Nyuzi za Kugongwa na Mguu wa Mpiga Drams

Kwenye gitaa la kawaida mikono miwili hugawana kazi: wa kushoto unabana uzi mahali sauti inapotakiwa, wa kulia unaukwanyua. Ala za nyuzi za kugongwa hazina mgawanyo huo. Kidole kinashuka juu ya uzi, uzi unagonga freti, yaani kile kijiti cha chuma kinachokingama kwenye shingo ya ala, na pigo hilohilo moja linachagua sauti na kuitoa. Kwa kuwa mkono mmoja unatosha kutoa sauti kamili, wa pili unabaki huru kupiga jambo lake. Mtu mmoja anaweza kushika besi kwa kushoto na wimbo kwa kulia, na bendi iliyohitaji mpiga besi, mpiga ridhimu na mpiga solo ikabaki na watu wawili tu: yeye na mpiga drams. Hapo ndipo suala la kwenda pamoja linapokuwa zito, maana hakuna mtu wa tatu wa kuwasitiri.

Ala inayojulikana zaidi katika ukoo huu ni Chapman Stick. Emmett Chapman, mpiga gitaa la jazi aliyezaliwa Marekani mwaka 1936, aliivumbua namna yake ya upigaji mwaka 1969 akiwa Los Angeles. Kugonga nyuzi kwa vidole hakukuanza naye. Jimmie Webster, aliyekuwa akizinadi gitaa za Gretsch, alichapisha kitabu cha kufundisha mtindo wa namna hiyo mwaka 1952, na mwaka 1978 Eddie Van Halen aliufanya ugongaji kuwa gumzo la wapiga gitaa dunia nzima. Jipya la Chapman lilikuwa mkao wa mikono. Aliiinua shingo ya gitaa hadi ikakaribia kusimama wima, mikono ikaingia kutoka pande mbili zinazotazamana, na vidole vya kila mkono vikajipanga kufuata mpangilio wa freti. Mkono wa kulia ukapata uwezo uleule uliokuwa wa kushoto peke yake. Baada ya hapo aliona mwili wa gitaa hauna kazi tena. Akauondoa, akabaki na ubao mrefu wenye nyuzi, akaanza kuuza ala hizo mwaka 1974, na aliendelea na kazi hiyo mpaka miaka ya mwisho ya maisha yake. Alifariki mwaka 2021.

Stick ya kawaida ina nyuzi kumi, tano za wimbo na tano za besi. Mpiga huitundika kwa mkanda wa begani na kuinasa kiunoni kwa ndoano, ikasimama mbele ya kifua kwa mshazari kidogo. Nyuzi nene zimekaa katikati na nyembamba pembeni, kwa hiyo kila upande sauti hupanda kadiri mkono unavyotoka katikati kwenda ukingoni. Za wimbo hupangwa kwa hatua ya nne, za besi kwa hatua ya tano. Karibu na kichwa cha ala kuna kizuizi laini kinachogusa nyuzi zote ili zisilie zenyewe kidole kinapoachia. Sauti ya besi na ya wimbo hutoka kwa njia mbili tofauti, na kila moja inaweza kupewa amplifaya yake. Zipo pia ala nyingine za ukoo huu, kama Warr Guitar na Touch Guitar, zenye umbo linalokaribia zaidi gitaa, lakini suala la kwenda na drams ni lilelile kwa zote.

Mpiga gitaa wa kawaida ana muda wa kujiandaa. Kidole cha kushoto kinafika kwenye freti kabla, kinasubiri, kisha mkono wa kulia ndio unaoamua sauti itoke lini. Mkono huo mara nyingi unapanda na kushuka kwa mwendo usiokatika hata pale usipogusa uzi, na mwendo huo humsaidia mtu kushika kasi bila kufikiri. Anayegonga nyuzi hana msaada huo. Kila kidole ni mtunza saa, na vidole vinavyofanya kazi ni vinane. Cha shahada ni chepesi na kinatii, cha pete kinazubaa, cha mwisho ni dhaifu. Mstari wa sauti nne unaopigwa na vidole vinne kwa zamu unaweza kutoka na mapengo manne yasiyolingana ingawa mpigaji anasikia moyoni kwamba yuko sawa.

Nguvu nayo ina hila yake. Ukubwa wa sauti hutegemea kasi ya kidole kinapofika kwenye uzi, si mkazo wa kubana baada ya kufika. Anayetaka pigo moja litoke kwa nguvu hukishusha kidole kwa kasi zaidi, na kwa kuwa safari ni ileile, kidole huwahi. Anayetaka sauti ya chini hukishusha taratibu na kuchelewa. Hivyo mpigo unaotiliwa mkazo unasogea mbele ya drams na ule mpole unabaki nyuma, bila yeye kujua. Wapiga drams wanaufahamu mtego huu vizuri, kwa sababu fimbo ina tabia hiyohiyo, na wao hutumia miaka wakijifunza kuanza kuishusha mapema inaposhuka taratibu. Kwa maana hiyo anayegonga nyuzi ni jirani wa mpiga ngoma kuliko alivyo jirani wa mpiga gitaa, na anapata faida kubwa akijifunza kwa mpiga ngoma.

Kuna na tabia ya mwili wa binadamu kwa jumla. Watafiti wa saikolojia ya muziki wamewaweka watu wengi mbele ya mlio unaojirudia na kuwataka wagonge kidole pamoja nao. Matokeo yamekuwa yaleyale kwa miongo kadhaa: watu huwahi. Kidole hutua kabla ya mlio kwa milisekunde chache hadi makumi kadhaa, na wasiojifunza muziki huwahi zaidi ya wanamuziki. Pengo hilo hupungua pale nafasi kati ya mlio na mlio inapojazwa na sauti ndogondogo nyingine. Kwa anayegonga nyuzi, habari hii ina matumizi ya moja kwa moja. Akisikiliza ngoma ya mguu peke yake, inayolia mara mbili katika kipimo, atawahi. Akisikiliza haihati, yale matoazi mawili yanayofunguka na kufunga kando ya mpiga drams na kuhesabu nusu nusu za pigo, kidole kitatua mahali pake. Waalimu wengi husema besi ifuate mguu. Ni kweli, lakini ni nusu ya maelezo: mguu unaonyesha pa kutua, haihati inaonyesha njia ya kufika.

Mfano mmoja unaonyesha jambo hili likifanyika. Chukua kipimo cha mapigo manne kwa mwendo wa mapigo 90 kwa dakika. Pigo moja lina milisekunde 667, nusu yake 333, robo yake 167. Haihati inapiga nusu zote nane. Ngoma ya mguu inalia kwenye pigo la kwanza, kwenye nusu inayofuata la pili, na kwenye la tatu. Sinea, ngoma kavu ya mkono wa kushoto, inalia kwenye la pili na la nne. Mkono wa kushoto wa mpiga nyuzi unashusha sauti ya msingi kwenye la kwanza, sambamba na mguu, na kuishikilia. Sinea inapolia, kidole kinainuka. Kwenye nusu baada ya la pili, uzi wa jirani kwenye freti ileile unagongwa kwa kidole kingine, na kwa kuwa nyuzi za besi zimepangwa kwa hatua ya tano, hapo inapatikana sauti ya tano bila mkono kuhama. Kwenye la tatu kidole kinarudi kwenye msingi, kinashikilia, na kuinuka tena sinea ya pigo la nne inapolia. Mkono wa kulia unaweza kukaa kimya kipimo kizima, na wimbo ukasimama.

Jambo la kutazamwa katika mfano huo ni kule kuinuka. Kwenye ala hizi sauti hudumu kwa muda ambao kidole kimebana. Kikiachia, uzi unaangukia kizuizi na kunyamaza. Kila sauti ina saa mbili, ya kuanza na ya kuisha, na ya pili ndiyo inayosahauliwa. Besi inayoendelea kuvuma chini ya sinea huifanya sinea isikike butu, na msikilizaji hulalamika kuwa muziki umelegea bila kujua kasoro iko wapi. Besi ikikatika hasa sinea inapolia, sinea inapata nafasi na kipimo kinasimama imara. Wapiga drams hupenda kufanya kazi na mtu anayejali miisho ya sauti zake; kwao huyo ana thamani kuliko mwenye vidole vya mbio.

Mkono wa kulia ukiingia, matatizo huongezeka maradufu. Kwanza ni mikono miwili kutua pamoja inapotakiwa kutua pamoja. Sikio huanza kutambua ni sauti ipi iliyotangulia pale tofauti inapofika takriban milisekunde 20. Chini ya hapo tofauti husikika kama ukwaru tu mwanzoni mwa sauti. Mkono wa kushoto ukitua sawa na mguu na wa kulia ukachelewa kwa milisekunde 30, wasikilizaji wanasikia bendi ya watu watatu wasioelewana, ingawa jukwaani wapo wawili. Pili ni mikono kuvutana. Wa kulia ukianza mstari wenye robo nyingi, wa kushoto nao hukimbia; wa kulia ukishikilia sauti ndefu, wa kushoto hulegea. Dawa iliyozoeleka ni kuupa kila mkono mwenzi wake kwenye drams. Wa kushoto unashikamana na mguu. Wa kulia unashikamana na haihati, au na sinea pale unapopiga sauti za kuambatana badala ya wimbo. Hapo mikono haitazamani tena. Kila mmoja una pa kuegemea, na mpiga drams, ambaye viungo vyake vinne vimekwisha kufundishwa kukaa pamoja, ndiye anayeiunganisha.

Kazi ya kuunganisha nyuzi na pigo katika mwili mmoja si ngeni Afrika Mashariki. Mpiga nyatiti wa Waluo nchini Kenya hukwanyua nyuzi nane kwa mikono, huku pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga ala yenyewe na njuga za gara zikilia mguuni. Yeye hahitaji kumfuata mtu, kwa sababu pigo na nyuzi vinatoka kwenye uti wa mgongo mmoja. Mpiga Stick ana ugumu wa kinyume: viungo vyake vyote vya kupigia vimetumika kwenye nyuzi na pigo liko kwa mtu mwingine, mita kadhaa kando.

Mita hizo zina uzito. Katika hewa ya nyuzijoto 20 sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, yaani karibu milisekunde 3 kwa kila mita. Mpiga nyuzi aliyesimama mita 6 kutoka kwenye drams huzisikia zikiwa zimechelewa kwa milisekunde 17 hivi. Mpiga drams naye huisikia amplifaya ikiwa imechelewa kiasi hichohicho. Kila mmoja akiwa na adabu na kumsubiri mwenzake, mwendo wa wimbo unashuka kidogo kidogo mpaka mwisho wake. Ndiyo sababu watu wawili wa namna hii husimama karibu kuliko ukubwa wa jukwaa unavyowaruhusu, mpiga nyuzi akiwa upande wa haihati, mahali anapoweza pia kuuona mguu wa mwenzake ukiinuka. Jicho huuona mguu kabla sikio halijaisikia ngoma.

Sauti za chini zina ucheleweshaji wao. Uzi mnene wa gitaa la besi, ule wa E, hutikisika mara 41 kwa sekunde, na mtikisiko mmoja kamili huchukua milisekunde 24. Sikio linahitaji kiasi fulani cha mtikisiko ili lijue sauti ni ipi, kwa hiyo besi inayoanza kwa upole husikika kama imechelewa hata pale kidole kilipowahi. Sauti ya kugonga ina dawa ndani yake: ule mlio mkali wa uzi kukutana na chuma. Mlio huo ni mfupi na unatoka mwanzoni kabisa, na ndio unaoliambia sikio kuwa pigo limefika. Wanaoanza mara nyingi huuona kuwa ni uchafu na kuufuta kwa kupunguza sauti za juu kwenye amplifaya. Wakiwa peke yao chumbani wanapata sauti laini inayopendeza. Mbele ya drams sauti hiyo inapoteza ukingo wake na kuzama. Ni afadhali kuuacha mlio huo, na kama unakera, kupunguza upande wa wimbo peke yake, jambo linaloruhusiwa na zile njia mbili za kutolea sauti.

Mwangwi wa mashine unahitaji tahadhari zaidi. Wapiga nyuzi za kugongwa wanaupenda kwa sababu unaipa unene sauti inayoanza kwa ukavu. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, mwangwi wa robo tatu za pigo hurudi baada ya milisekunde 375 na kuingia vizuri kati ya mapigo. Mpiga drams akichangamka na kufika 124, mwangwi sahihi ungekuwa wa milisekunde 363. Mashine haijui, inaendelea na 375. Marudio ya kwanza yanachelewa kwa milisekunde 12, ya pili 24, na sasa kuna mtu wa tatu kwenye bendi asiyemsikiliza yeyote. Ama mpiga drams awe na mwangwi huo masikioni na aufuate, ama uzimwe. Kuuacha ulie huku yeye hausikii ni kumwonea.

Kielelezo mashuhuri cha Stick na drams kiko kwenye kazi za King Crimson. Mwaka 1981 kundi hilo la Uingereza lilirudi likiwa na Tony Levin, Mmarekani aliyepiga besi na Stick, na Bill Bruford kwenye drams. Albamu yao ya mwaka huo, "Discipline", inafunguliwa na "Elephant Talk", na Stick ya Levin ndiyo inayoanza. Kinachovutia katika muziki wa kundi lile ni misururu ya urefu usiolingana inayopigwa kwa wakati mmoja. Msururu wa mapigo saba ukipigwa juu ya mwingine wa mapigo manne, vichwa vyake vinakutana tena baada ya mapigo 28. Katikati ya safari hiyo anayejaribu kupatanisha kila pigo hupotea. Kinachowezekana ni kushika msururu wako kwa usawa usiotetereka na kujua mahali pa kukutana. Mwaka 1994 kundi lilipanuka likawa na watu sita, wakiwemo wagongaji nyuzi wawili, Levin na Trey Gunn, na wapiga drams wawili, Bruford na Pat Mastelotto. Albamu yao "THRAK" ilitoka mwaka uliofuata. Baadaye Levin na Mastelotto waliendelea pamoja katika kundi la Stick Men.

Levin anahusika pia na kisa ambacho mpiga drams alizigonga nyuzi mwenyewe. Wimbo wa Peter Gabriel "Big Time", wa mwaka 1986, ulihitaji besi yenye mlio wa kipekee. Levin alibana nyuzi za besi kwa mkono wa kushoto, na Jerry Marotta, mpiga drams, akazichapa kwa fimbo zake. Kupiga hivyo jukwaani kila usiku kungemfunga mpiga drams kwenye ala ya mtu mwingine, kwa hiyo Levin akajifungia vijifimbo vifupi kwenye vidole viwili na kuvitumia mwenyewe. Vikapewa jina la Funk Fingers.

Mazoezi ya kazi hii huanza kwa kupunguza. Mkono wa kulia unawekwa pembeni, na wa kushoto unapiga sauti moja tu pamoja na ngoma ya mguu mpaka zisikike kama kitu kimoja. Zikifika hapo, mpigaji huhisi sauti yake imepotea ndani ya ngoma, na hiyo ni dalili njema. Halafu zinaongezwa sauti nyingine, halafu miisho yake. Mkono wa kulia unaingia kwa sauti fupi kwenye la pili na la nne, na wimbo unakuja mwisho. Wengi hufanya kinyume: hujifunza mikono yote miwili wakiwa peke yao kwa miezi, kisha humwita mpiga drams, na hugundua kuwa wamejifunza pia mapengo na mbio zao kwa uaminifu mkubwa.

Pale ambapo hakuna mpiga drams wa kufanya naye mazoezi, metronomu hutumika kwa busara. Ikilia kwenye kila pigo, hufanya kazi yote na mtu hajifunzi kitu. Ikilia kwenye la pili na la nne tu, mahali pa sinea, mpigaji analazimika kulitafuta la kwanza mwenyewe. Hatua inayofuata ni mlio mmoja kwa vipimo viwili. Kurekodi ni muhimu, kwa sababu hisia za vidole na ukweli wa sikio hutofautiana sana kwenye ala hii. Anayesikiliza rekodi yake siku ya pili hukuta mstari aliodhani umetulia ukikimbia kila kidole cha shahada kinapofika zamu.

Na hata watu waliozoeana hupotezana. Hutokea zaidi baada ya mchapo, pale mpiga drams anapozunguka ngoma zake kuelekea kipimo kipya na mwenzake akakosa kujua pigo la kwanza limeangukia wapi. Kwa mpiga Stick, kuendelea na mikono yote miwili kwa matumaini hukuza kosa, kwa kuwa yeye ni besi na wimbo kwa pamoja na anapopotea anapotea na vyote. Njia iliyo salama ni kuinua mkono wa kulia mara moja, kubaki na uzi mmoja wa besi, kuusubiri mguu wa mpiga drams, na kuuingiza tena mkono wa kulia kwenye sinea ya kwanza iliyo wazi.